Kipimo cha Kichwa

Jana usiku nilimpima kichwa kwa futikamba ileile
iliyopima viuno vya maharusi wa Majengo
na mabega ya watoto wanaoanza darasa la kwanza.
Juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio,
mpaka kile kinundu cha kisogoni
ambacho mama yake anasema alizaliwa nacho.
"Tulia," nikamwambia. Akacheka, futi ikateleza,
nikaanza upya.
Hamsini na nane na nusu.

Leo tuko Sabasaba. Upepo wa Agosti umeamka kabla yetu,
vumbi linashika kila bidhaa bila kuuliza bei.
Muuzaji amezitundika kofia kwenye kamba kama maboga,
nyekundu, za bluu, moja imechorwa ndimi za moto,
na Chilongani, baba wa watoto wangu,
anautazama ule moto.

"Elementi hii, shangazi, elfu kumi na tano tu.
Kijiwe kizima cha Nkuhungu wanavaa hizi."
Naigeuza, natazama ndani. Mimi ni fundi,
nguo naihukumu kwa bitana.
Bitana hakuna. Kuna sponji nyembamba
kama chapati ya mwisho wa mwezi,
na gamba linalobonyea kwa kidole gumba.
Hili ni bakuli, mwanangu. Litafaa kwa maharage.

Ya pili ni mtumba, nzito, ina kioo.
Bei imekaa vizuri. Chilongani ameshaivaa,
kioo ameshakishusha, ananisalimia kwa sauti ya mtungini.
Namwomba aivue. Napitisha vidole polepole
kama ninavyotafuta sindano iliyosahauliwa kwenye gauni.
Upande wa sikio la kulia, chini ya kitambaa, pamebonyea,
na pana ufa, mwembamba kama unywele.
"Aliyeivaa yuko wapi?"
Kijana anatazama viatu vyake.
Sirudii swali.
Kofia hufanya kazi yake mara moja tu,
na hii imekwishastaafu.

Ya tatu haina moto.
Rangi yake kijivu, kijivu cha punda wa Bahi.
Mkanda unapita kwenye pete mbili
na haurudi nyuma hata nikiuvuta kwa hasira.
"Tikisa kichwa. Sema hapana."
Anasema hapana kwa kichwa kizima,
na kofia inasema naye,
haitangulii, haibaki nyuma.
Mashavu yamemtuna kama mtoto aliyeficha karanga.
"Inabana."
"Inabana mashavu, au paji la uso?"
"Mashavu."
Basi sawa. Mashavuni bitana italegea, mpe wiki mbili.
Paji la uso halina msamaha:
ikikuuma hapo utaivua kabla ya Ihumwa,
utaitundika kwenye kioo cha pikipiki,
na kofia iliyotundikwa kwenye kioo
inalinda kioo.

Elfu sitini na tano. Anameza mate.
Anauangalia tena ule moto, wa kumi na tano.
Tangu Machi nimefunga hela ya overloki
kwenye pindo la kanga.
Nafungua fundo kwa meno.
Mashine itangoja. Nguo za watu nitazipinda kwa mkono.

Jioni anarudi kutoka Hombolo,
vumbi mpaka ndani ya mifuko,
uso tu umebaki kama nilivyouacha asubuhi,
na alama mbili za bitana mashavuni.
Analalamika hasikii abiria wakimwita.
Analalamika shingo. Analalamika jasho.
Lakini imo kichwani hadi mlangoni,
watoto wanaigonga kwa vijiko, hodi, hodi.
Mimi nashona vikofia vya mabaki ya vitenge
vya kuvaliwa ndani ya ile ya abiria,
wenye misuko mipya wasipate kisingizio.

Usiku nafungua daftari la wateja.
Kati ya gauni la Mama Nhonya, kifua bado kimepwaya,
na sare sita za Makole,
naandika: Chilongani. Kichwa. 58½.
Imelipwa yote.
Kwenye safu ya tarehe ya kuchukua
nasita kidogo, kalamu mdomoni,
kisha naandika:
kila jioni.